Kifua Kikuu si Laana ya Ukoo
Ndugu yangu mdogo alipoanza kukohoa damu, wazee walisema ni laana ile ile iliyomwua baba yetu. Nami karani, niliyesoma misheni, kwa kuona haya nilimficha katika chumba kisicho na dirisha, akalala pamoja na mwanangu. Kumbe tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Dk. Robert Koch alikwisha kuonyesha kwamba ugonjwa huu huletwa na vijidudu. Navyo hupita hewani mgonjwa akohoapo. Ndugu yangu alitumia dawa miezi sita, akapona. Mwanangu aliambukizwa, naye yu katika dawa hata leo. Wasomaji wenzangu, haikuwa laana iliyoingia nyumbani mwetu. Aliyefunga mlango ni mimi. Fungueni madirisha, na mgonjwa apelekwe hospitali mapema.