Nani Huyo Anapita?

Nikishuka kituo cha Clapham Common, London, usiku, kwanza huzima muziki nisikie nyayo. Taa zinawaka njia nzima, kamera zimejaa, watu wanapita wameinamisha macho. Sarah Everard alipita maeneo haya tarehe 3 Machi 2021, akirudi kwake, akatekwa na kuuawa. Kamera ya basi ilinasa gari la mtu aliyemteka, na picha hiyo ilisaidia kumpata mwuaji, naye alikuwa askari polisi. Kamera iliona. Haikuuliza kitu.

Mimi nimekulia Maweni, Malindi, ambako kuulizwa hakuishi. Enzi hizo taa za mulika mwizi hazikuwepo mtaani kwetu. Natumwa mafuta ya taa, magharibi imeshaingia, kichochoro ni giza tupu, na sauti inatoka kibarazani: "Nani huyo anapita?" Mimi, shikamoo. "Marahaba. Mtoto wa nani?" Nikimtaja baba, mzee hukohoa, na wa kibaraza cha mbele hujua kuna mtoto anakuja. Nilipovunja ungo nilikichukia kikohozi kile, maana habari zangu zilifika nyumbani kabla yangu. Sasa nikivuka Clapham peke yangu nakitamani.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewadhulumu wazee wale wale. Ukitoka pwani ukaingia ndani, huko Ganze, kuna Kaya Godoma, wanakokimbilia wazee waliotuhumiwa uchawi. Wengi wamefukuzwa na damu yao, mtoto au mpwa, na ukichimba chini ya tuhuma mara nyingi utakuta shamba. Mvi zimekuwa ushahidi. Wako wanaozipaka rangi nyeusi ili wapite njiani salama. Mzee wa namna hii hatishwi na mgeni. Anayemvizia anajua jina lake, mpaka wa shamba lake na saa anayotoka kwenda haja.

Baba mkubwa anaishi upande huo. Nilipokuwa nikienda likizo, alfajiri ya kurudi alinisindikiza mpaka barabarani, panga mkononi, akangoja nami hadi matatu ije. Juzi nilimwuliza mama habari zake kwa simu. Akaniambia siku hizi yeye ndiye anayesindikizwa: mjukuu mmoja mbele, mmoja nyuma, hata akienda msibani kwa jirani. Na kichwa amekinyoa chote.