Lushoto, Mji wa Wakulima

Katika milima ya Usambara, nchi ya Washambaa, uko mji mdogo jina lake Lushoto. Wajerumani walijenga boma lao hapo, wakauita mji Wilhelmstal. Kufikia mwaka 1905 reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Mombo, chini ya milima. Na kutoka Mombo barabara hupanda kwa kujipindapinda kama nyoka, yapata kilometa 33, ikipita Soni penye maporomoko ya maji. Mjini hamna majumba ya kustaajabisha. Walakini mkulima aliye mbali huko vilimani hawezi kukaa bila mji huo, wala mji hauwezi kukaa bila yeye.

Mtazame mama mmoja siku ya soko. Jogoo la kwanza huamka, akajitwika tenga la kabichi, akateremka njia nyembamba yenye utelezi. Sokoni hupanga mzigo wake karibu na karoti, viazi, peasi na mapichi ya wenziwe. Mchuuzi huja, akautazama, akataja bei ndogo. Mama hukataa. Mchuuzi huenda zake, na jioni hurudi, akanena, "Mama, jua lazama. Je, utazipandisha tena mlimani?"

"Mwanangu, kichwa kilichobeba mzigo huu chajua uzito wake, wewe waujua kwa macho tu."

Lakini moyoni ana hofu, maana kabichi si mahindi, haingoji ghalani. Mchuuzi huongeza kidogo, naye hukubali, ingawa si bei aliyoitaka. Fedha ile hununua chumvi, mafuta ya taa na daftari la mtoto. Sabuni hungoja soko lijalo.

Usiku ule ule kabichi hupakiwa katika lori, zikateremka Mombo, zikaenda hata Dar es Salaam. Nyingine hubaki mjini, zikapikwa nyumbani kwa karani, mganga na mwalimu. Na mama yule naye, mwanawe akiugua, humpeleka hospitali ya mjini. Akiwa na shauri la shamba, huenda mjini kuamuliwa.

Mvua za masika zikizidi, pengine udongo huporomoka na kuziba barabara. Hapo malori hukwama, mboga huoza, na mwenye duka hukaa akiutazama mlango, maana asiyeuza hanunui. Ndipo watu wa mjini hukumbuka ya kuwa shibe yao hutoka vilimani. Na wakulima nao hukumbuka ya kuwa miti iliyokatwa juu ya barabara ndiyo iliyokuwa ikiushika udongo.

Basi, mtu wa mjini asimdharau mwenye jembe, wala mwenye jembe asiseme mji haumhusu. Wahenga walinena: Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.