Sangasanga hadi Mzumbe: binti wa muuza karoti akitafuta chuo cha biashara

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, mwendo wa kilomita kama 20, unafika kituo kinachoitwa Sangasanga. Basi la mkoani halisimami hapo muda mrefu. Abiria wawili watatu wanateremka na mabegi, bodaboda wanawazunguka, basi linaondoka kuelekea Mikumi. Kutoka hapo barabara inakata kushoto kuielekea milima ya Uluguru, na kilomita chache ndani kipo Chuo Kikuu cha Mzumbe. Barabara hiyo hiyo inaendelea kupanda hadi Mgeta na Nyandira, kunakolimwa kabichi, karoti na njegere zinazoliwa Dar es Salaam. Mwanafunzi wa usimamizi wa biashara na gunia la karoti wanapita njia moja, mmoja akipanda na mwingine akishuka.

Nilifika huko Julai, matokeo ya kidato cha sita yakiwa yametoka, na dirisha la udahili likiwa wazi. Kwa kawaida huandika habari za afya, lakini safari hii nilikuwa namsindikiza mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyesoma mchepuo wa ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu. Alitaka kukiona chuo kwa macho kabla ya kukiandika kwenye maombi. Mama yake anauza karoti na kabichi katika soko la Temeke Stereo, na alimruhusu kwa shingo upande. "Biashara nimeifanya miaka 18 bila cheti," aliniambia siku moja kabla ya safari. "Huko chuo watamfundisha nini ambacho mimi sijui?"

Swali hilo ni zuri, na wazazi wengi wanaosomesha kwa pesa ya genge wanalo hata kama hawalisemi. Jibu la binti lilikuwa kwenye daftari.

Alilianza likizo ya Desemba. Kila jioni alimuuliza mama yake maswali yale yale: mzigo umenunua kiasi gani, umeuza kiasi gani, kilichotupwa ni kiasi gani. Mwanzoni mama mdogo aliona anasumbuliwa. Baada ya mtihani wa Mei binti akaendelea, safari hii akikaa mwenyewe gengeni. Ukurasa mmoja alinionyesha kwenye treni ya SGR, tukiwa tumekwishaipita Ruvu. Gunia la karoti lilinunuliwa kwa Sh60,000. Likipangwa mafungu na kuuzwa lote lingeleta Sh85,000. Mama yake hapo huhesabu faida ya Sh25,000 na kulala usingizi. Binti akaandika chini yake usafiri Sh8,000, ushuru na mlinzi Sh2,000, chakula cha mama gengeni Sh3,000, na karoti zilizovunjika au kuoza Sh7,000. Kilichobaki ni Sh5,000. Kwa wiki wanamaliza magunia matatu, hivyo kinabaki Sh15,000. Marejesho ya mkopo ni Sh30,000 kwa wiki.

"Dada, sasa unaelewa kwa nini kila mwezi anakopa pengine kulipa hapa," alisema, akafunga daftari.

Nilielewa zaidi ya alivyodhani. Kwenye kliniki za presha ninakokwenda kutafuta habari, akina mama hutaja marejesho kabla hawajataja chumvi. Mikopo hiyo haikupewa jina la kausha damu bure.

Hicho ndicho kinachompeleka chuo, na nimekipenda kuliko sababu nyingine nilizozisikia kwa vijana wa rika lake. Yupo anayechagua biashara kwa sababu pointi zake hazikutosha alikotaka. Yupo anayeona suti na ofisi yenye kiyoyozi. Sibezi sababu hizo, mtu anaweza kuanza na suti akaipenda kazi baadaye. Lakini mwanafunzi akikutana na takwimu na hesabu za biashara mwaka wa kwanza, suti haimsaidii kukesha. Swali la nyumbani linaweza kumsaidia.

Morogoro wenyewe huiita mji kasoro bahari. Tulipitia kwanza Soko Kuu la Chifu Kingalu, kwa sababu binti alitaka kujua bei. Muuzaji mmoja wa makamo alipoitikia shikamoo yake alimweleza kwa uvumilivu kile ambacho mama yake hulalamikia kila siku bila kukieleza: lumbesa. Gunia linajazwa, kisha linashonewa kilemba juu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, lakini mzigo unaendelea kufungwa hivyo. Kilemba hicho ndicho kinachobanwa na kamba, na karoti za juu ndizo zinazovunjika njiani. Mkulima amepunjwa kule, na mama mdogo anatupa kilichovunjika huku. Binti akaandika, akauliza kama kreti za plastiki zingefaa. Yule mama akacheka. "Kreti nani atazirudisha Mgeta, mwanangu?" Hilo nalo likaingia daftarini.

Mzumbe yenyewe ni kimya. Miti ni mikubwa, milima iko karibu kiasi kwamba mchana wingu hukaa juu ya mabweni. Chuo kilianza mwaka 1953, wakati wa mkoloni, kikiwafundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, na wazee wengi bado wanakiita hivyo. Kikawa chuo kikuu mwaka 2001. Kwa hiyo mahali palipojengwa kuandaa watawala sasa panaandaa pia watu wa masoko, uhasibu na ununuzi. Naona ni mabadiliko mazuri, ingawa baba zetu wengi bado wanaamini msomi ni yule aliyeajiriwa serikalini.

Wanafunzi wengi walikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Tulimpata mmoja wa mwaka wa pili, nje ya duka la kutoa nakala katika kijiji cha Changarawe kilicho jirani na chuo. Alizungumza kama mtu aliyechoka kudanganywa. Alisema alikuja akidhani atafundishwa jinsi ya kupata mtaji, akakuta sheria ya biashara, uchumi, takwimu, usimamizi wa watu na kazi za vikundi ambazo nusu ya wanakikundi hawatokei. Kilichomsumbua zaidi ni kompyuta. Wenzake walijua kupanga hesabu kwenye Excel, yeye alikuwa hajawahi kuifungua. Akamwambia binti yetu asisubiri Oktoba.

Mzazi, hapo kwenye miezi ya kusubiri ndipo pa kuwekea nguvu. Tume ya Vyuo Vikuu huweka sifa za chini za kuingia shahada, kwa kawaida ufaulu wa masomo makuu mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, na chuo kinaweza kudai zaidi kwa kozi fulani. Soma mwongozo wa mwaka husika pamoja na mwanao, usimwachie rafiki yake wa intaneti kafe. Mkopo wa HESLB unataka nyaraka, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Ni kazi ya siku kadhaa, na jina lililoandikwa tofauti na la shuleni linaweza kuongeza wiki. Mweleze pia kwamba mkopo huo hulipwa. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Anayetaka kusomea biashara aanze na hesabu hiyo.

Naomba niseme la taaluma yangu kidogo. Fomu ya kujiunga huja na karatasi ya uchunguzi wa afya, na wengi huipeleka hospitali siku mbili kabla ya safari ili igongwe muhuri tu. Mpelekeni mapema apimwe kweli, macho yakiwemo. Morogoro ina malaria, hivyo chandarua kiingie begini kabla ya pasi. Akipanga nje ya bweni, hesabuni pia mlo wake. Njaa ya mwisho wa muhula haiponywi na duka la dawa.

Tuliporudi Sangasanga jioni, simu ya mama mdogo ililia. Hakuuliza bweni wala ada. Aliuliza karoti Morogoro ni bei gani, binti akamtajia, na wakabishana juu ya nauli ya mzigo hadi daladala ikaja. Mwisho nilimsikia mama akisema, "Haya, andika hicho chuo."

Maombi yametumwa, Mzumbe ikiwa chaguo la kwanza. Siku hizi anajifunza Excel kwa jirani mwenye kompyuta, saa moja kila jioni, akiingiza kurasa za gengeni moja baada ya nyingine. Kuandika daftari lenyewe kumehamia kwa mdogo wake wa kidato cha pili, ambaye hadi wiki iliyopita alikuwa akijaza tarehe tu.