Ubao mmoja



Wiki iliyopita tuliweka picha ya gita letu la umeme. Tulifikiri mtauliza kama linalia. Kumbe wengi mliuliza kingine: "Mbona usoni hatuoni mahali mbao zimeungana?" Ni kweli, hamtapaona. Uso wa gita letu ni ubao mmoja, kutoka ukingo huu mpaka ule. Na ubao huo tulikaribia kuuharibu kwa haraka zetu wenyewe. Basi tuwaeleze.

Gita la umeme, pale kwenye tumbo, lina upana wa kama sentimita 33. Kupata ubao mkavu na mzima wa upana huo si kazi ndogo, maana lazima utoke kwenye mti mnene, mti mzee. Ndiyo sababu mafundi wengi wanatumia vipande viwili. Wanaupasua ubao mnene na kuufungua kama kitabu, mistari ya kushoto inafanana na ya kulia, halafu wanagundisha katikati. Kampuni ya Gibson ya Marekani ilipoanza kuuza gita la Les Paul mwaka 1952, uso ulipakwa rangi ya dhahabu, huwezi kujua chini kuna vipande vingapi. Mwaka 1958 wakaanza kupaka rangi inayoacha mistari ya mti ionekane. Leo wapiga gita wanakagua mbao kama mama anavyokagua kitenge sokoni, na uso wa ubao mmoja wanaupenda sana.

Je, unalia vizuri zaidi? Tusidanganyane. Kwenye gita la umeme, sumaku zilizozungushiwa waya ndizo zinazopokea mtetemo wa nyuzi za chuma. Kiungo kilichogundishwa vizuri husikii kitu. Tena gundi nzuri inashika kuliko mbao yenyewe. Ukifumba macho hutajua tofauti.

Sasa sisi tulitaka ubao mmoja wa nini?

Pale Bwera kuna mzee mmoja seremala, tunamwita Papa Fundi. Yeye ni Mukonzo wa hapa, sisi wengi wetu ni Banande kutoka ng'ambo, lakini lugha zetu ni ndugu, tunasikilizana. Jumamosi tunafagia karakana yake, tunapiga msasa, na yeye anatufundisha. Mbao zake nyingi ni za kwetu: mvule na mahogani zinazopita Kasindi na kuingia Mpondwe juu ya malori. Tulizoea kutania kwamba mbao zilivuka na karatasi zote, sisi tukavuka na sufuria.

Juu kwenye kenchi kulikuwa na ubao mmoja wa mahogani, mpana, sentimita 36. Siku moja tulimuuliza mbona hauuzi. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Hapa kwetu ubao mpana una njia mbili tu, meza au sanduku." Mnajua sanduku gani. Mwezi wa sita 2023, shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe iliposhambuliwa na watu zaidi ya 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi, Papa alipigilia masanduku mpaka mbao zake pana zikaisha. Ule mmoja ulibaki kwa sababu ulikuwa bado mbichi. Tangu hapo hakutaka kuugusa. Kila aliyekuja kuuulizia, aliambiwa haujakauka.

Mwenzetu mmoja, dada yetu anayepiga gita kanisani, akamwambia, "Papa, tupe sisi. Utalia, lakini hautazikwa." Mzee alicheka, akapanda ngazi mwenyewe kuushusha. Sharti lake lilikuwa moja: msiupasue.

Tukaufunga na kuupakia kwenye taksi, ukapita Kikorongo nasi mpaka Kasese. Na hapo tukafanya ujinga. Tulitaka gita liwe tayari kwa siku ya wakimbizi, tarehe 20 Juni. Papa alisema ubao ukae kivulini, na miisho ipakwe rangi, maana mbao hukauka haraka kwenye miisho. Sisi tukauanika juani, juu ya mabati. Mnalijua jua la Kasese. Baada ya siku 10 ulikuwa umepinda kama kigae, na mwisho mmoja umepasuka, ufa wa kidole kizima.

Usiku ule tulibishana sana. Wengine walisema tuupasue palepale kwenye ufa, tugundishe, tupake rangi nzito, nani atajua? Kwa ufundi walikuwa na haki. Lakini tungemwambia nini mzee? Mwisho tulimpigia simu, tukasema ukweli. Hakugomba. Aliuliza ufa una urefu gani, na ubao una urefu gani. Ufa sentimita 22, ubao mita 1. "Gita lenu linahitaji ngapi?" Kama 45. "Basi kateni mwisho ule, muweke kivulini, mgeuze kila siku. Mnalia nini?"

Tulikata. Tarehe 20 Juni ilipita bila gita. Tulisubiri miezi mitatu, tukapiga randa polepole mpaka uso ukalala sawa. Una jicho moja la tawi karibu na ukingo. Tumeliacha.

Mwili ulio chini ya uso huo si ubao mmoja. Ni vipande vitano, musizi na mvule, mabaki tuliyookota kwa mafundi. Shingo na sumaku tulitoa kwenye gita bovu tulilonunua Kasese, kwa pesa ya vigoda tulivyouza. Hatuoni aibu. Franco mwenyewe alianza na gita la kujitengenezea, na Kinshasa fundi Socklo amejulikana kwa magita anayounda kwa mikono.

Afisa mmoja alituuliza gita litatusaidia nini, na kwa nini tusiendelee na vigoda tu. Vigoda tunaendelea navyo, ndugu. Lakini kwenye fomu yake hakukuwa na nafasi ya kuandika jibu letu. Tulitaka kitu kimoja kutoka kwetu kibaki kizima, na tuwe sisi tuliokilinda.

Tulimpelekea Papa Fundi gita kabla ya mtu yeyote. Dada yetu akapiga. Mzee hakutazama vidole vyake. Alipitisha kidole gumba usoni, kutoka ukingo mpaka ukingo, akitafuta kiungo. Hakukipata. Akaacha kiganja chake pale, wimbo ukaisha.

Kile kipande chenye ufa tulimrudishia. Amekiweka juu kwenye kenchi, mahali pale pale. Ukimuuliza, anasema bado hakijakauka.