Mchezo wa Mabeberu, Kijiji cha Beberu

Kwa Kiborana, korbesa ni mbuzi dume, beberu. Nalisema mapema kwa sababu kila nikiwaambia Wakenya wenzangu hapa Preston, Uingereza, kwamba nilizaliwa Korbesa, kule Merti, kaunti ya Isiolo, na kwamba utotoni niliwahi kushika mpira wa raga, wananicheka mara mbili. Raga ni mchezo wa mabeberu, na sisi tuliucheza katika kijiji cha beberu. Basi, cheka, kisha tuendelee.

Aliyetuletea raga alikuwa askari polisi. Konstebo kijana kutoka Kakamega, mabega mapana, sikio moja limekunjamana kama ngozi iliyokaushwa vibaya. Jina lake lilikuwepo, lakini sisi tulimwita Afande na ikatosha. Raga aliicheza shuleni, na raga ya shule za Kakamega si ya mzaha. Huko ndiko kuliko na klabu ya Kabras Sugar, waliobeba Kenya Cup kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Alitarajia kuingia klabu. Lakini kwao walikuwa watoto wengi na mshahara hakuna, polisi wakaandikisha vijana, akakimbia, akachukuliwa, na baada ya mafunzo akapangiwa kwetu. Ndani ya begi lake, pamoja na blanketi na soksi, mlikuwa na mpira uliochubuka.

Maji ya Waso yakipungua, mto huacha mchanga mpana chini ya mikoma, na huo ndio uliokuwa uwanja wetu. Kwingine kote ni miiba ya migunga. Ukimwangusha mtu hapo utashinda ukimchomoa miiba mgongoni. Afande alidhani tutahangaika na sheria ya kumpa mwenzio mpira kwa nyuma. Hatukuhangaika. Mchungaji hutembea nyuma ya mifugo, akili yake na fimbo yake zote ziko nyuma, kwa hiyo mchezo wa kusonga mbele huku ukitazama nyuma ulituingia haraka kuliko kandanda. Na skramu? Tulikuwa tumeshaiona kila jioni zizini, vichwa viwili vyenye pembe vikisukumana.

Ila katika Jumamosi nne, Afande alikuja moja. Nyingine simu ya upepo ilimwita: ngamia wamechukuliwa upande fulani, nyayo zifuatwe. Siku alipohamishwa hatukuambiwa. Tulifika mtoni tukakuta mpira juu ya jiwe, ametuachia.

Nilikuwa nimeshamsahau hadi mwenzangu wa kazini, tunayepakia naye makatoni usiku, aliponipeleka Lightfoot Green kutazama klabu ya raga ya Preston Grasshoppers. Uwanja wenyewe ni wa kawaida, matope, watu wanakunywa bia kwenye baridi. Akaniambia hapa ndipo alipocheza Wade Dooley. Nikauliza Dooley ni nani, na dakika arobaini zilizofuata sikuiona mechi.

Dooley alikuwa konstebo Blackpool, kimo chake futi sita na inchi nane, wakamwita Mnara wa Blackpool. Kati ya 1985 na 1993 aliichezea Uingereza mechi 55, na zilipoisha alirudi kazini kama kawaida. Mwenzake wa safu ya pili, Paul Ackford, alikuwa inspekta wa Metropolitan Police, London. Nyuma yao kwenye skramu alisimama Dean Richards, konstebo wa Leicestershire. Julai 1989 timu ya Lions, inayochota wachezaji wa England, Scotland, Wales na Ireland, ilikuwa Australia, na katika mechi mbili za mwisho za kuwania ushindi watatu hao walicheza pamoja. Watu wanane wa mbele, watatu polisi! Mechi ya Brisbane ilikuwa ya ngumi kiasi kwamba hadi leo wanaiita vita vya Ballymore, kwa jina la uwanja, na mimi najiuliza ni nani angemkamata nani. Huyo Richards, mwaka uliotangulia, alilitoa nje Kombe la Calcutta, linalowaniwa na England na Scotland, usiku wa karamu mjini Edinburgh pamoja na mchezaji wa Scotland, likarudi limebonyea. Alifungiwa mechi moja. Mscotland miezi mitano. Huko nako, kumbe, askari huangaliwa kwa jicho la huruma.

Usiku ule, narudi na basi, lililonikaa kichwani halikuwa idadi ya mechi. Lilikuwa kwamba Dooley alifanya kazi Blackpool na kucheza Preston. Kati ya miji hiyo miwili ni mwendo ambao mtu wa Korbesa huenda kutafuta mbuzi aliyepotea na kurudi kabla ya giza. Richards alivaa sare Leicestershire na kucheza Leicester. Hakuna aliyemtoa mmoja wao akampeleka mwisho wa nchi. Zamu aliweza kubadilishana na mwenzake, ruhusa ya kwenda kuchezea taifa akaiomba kwa mkubwa aliyemjua kwa sura, na asubuhi ya Jumatatu aliyekuwa akishangiliwa na watu elfu hamsini alikuwa barabarani akiuliza dereva leseni.

Kwetu askari hapelekwi kwao. Anayetoka Kakamega anakuja Merti, wa Merti anapelekwa Kwale. Na mimi, ukiniuliza kama mtu wa Korbesa, sitaki sana ibadilike. Wizi wa mifugo una ukoo. Askari ambaye mjomba wake ana ng'ombe kwenye kesi ni bora akae mbali, na tumeshayaona ya kutosha. Lakini gharama ya mpango huo ni timu. Raga haichezwi na mtu mmoja. Mkimbiaji ukimhamishia Korbesa atakimbia Korbesa. Mchezaji wa raga ukimhamishia huko ana mpira na mbuzi.

Ndiyo maana nyumbani tumepata njia yetu, ya kinyume. Hatuchukui polisi tukamfanya mchezaji. Tunachukua mchezaji tukamvika sare. Kipchoge Keino alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi Kiganjo, na ukoo huo haujakatika: Julius Yego, aliyerusha mkuki mita 92.72 Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia, ni polisi. Kenya Police FC walitwaa ligi kuu ya kandanda msimu wa 2024/25. Na yupo Ferdinand Omanyala, ambaye kisa chake kingempendeza Afande: alikuwa mchezaji wa raga kabla ya kuingia kwenye mbio, Septemba 2021 akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, hakuna Mwafrika aliyewahi kwenda kasi hiyo, na leo ni afisa wa polisi. Raga na polisi zimekutana ndani ya mwili mmoja, lakini raga iliachwa mlangoni.

Sitaki mtu anisome nikiponda. Mshahara wa serikali kwa kijana ambaye goti lake likivunjika hana kingine ni jambo la heshima, na hapa Uingereza mlango wa akina Dooley umefungwa. Agosti 1995 raga iliruhusiwa kuwa kazi ya kulipwa, na konstebo akatoweka kwenye skramu ya taifa ya wanaume. Wanawake waliuacha wazi kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ya umaskini wa mchezo wao: Niamh Briggs aliiongoza Ireland hali akiwa polisi, na Shaunagh Brown wa Uingereza alikuwa mzimamoto. Walipopewa mikataba ya muda wote Uingereza, mwaka 2019, ikawa furaha, na kitu kikafa pia. Siwezi kuwalaumu, nani angependa kutoka zamu ya usiku akaingia mazoezini?

Ila mwenzangu wa makatoni aliniuliza swali nililoshindwa kulijibu papo hapo: kwenu, askari yupi anabaki nyumbani? Nikamtajia NPR, askari wa akiba, ambao wazee bado wanawaita KPR. Hao ni watu wetu wenyewe. Mchana ananywesha ngamia, usiku anabeba bunduki ya serikali, na nyayo zikionekana anatangulia kwa sababu anajua kila laga, kila mkondo mkavu wa mto. Kwa miaka mingi walifanya hivyo bila mshahara. Dooley alilipwa kwa upolisi na kucheza bure. Askari wa akiba wa Korbesa alifanya upolisi bure, na kucheza hakucheza. Mwenzangu alinyamaza kidogo, halafu akasema huyo ndiye mtu wa ridhaa wa kweli. Nilimwambia asimwambie hivyo akiwa na njaa.

Mwezi uliopita nilinunua mpira. Si ghali, ni wa watoto, rangi ya chungwa ili uonekane mchangani. Nilimpa mtu aliyekuwa akienda likizo, akaufikisha Nairobi, wa Nairobi akaupakia basi la Isiolo. Jana nilimpigia dada yangu. Mpira upo Isiolo mjini, dukani kwa binamu, juu ya gunia la sukari, unangoja lori la Merti. Mvua imenyesha juu, Waso umejaa, na barabara imekatika. Akaniuliza, kwani ni wa nani? Nikasema wa watoto wa hapo. Akasema watoto wanauliza mbona hauko mviringo.