Jaji wa picha za mashine

Blogu ilikuwa kimya, majaribio yametubana sana wiki hizi. Leo nina stori.

Basi bwana, washkaji wanaoendesha podikasti hapa kampasi waliwaomba wasikilizaji watume picha zilizotengenezwa na akili mnemba. Mada: jikoni kwa bibi. Zawadi: kifurushi cha intaneti. Zikaja picha 41, majaji tukawa watatu. Mimi nikachaguliwa eti kwa kuwa nasomea ualimu, nimezoea kusahihisha. Haya!

Ukiziangalia juu juu, zote kali. Ukisogea sasa: mafiga manne, bibi ana vidole sita, mwiko umeungana na sufuria. Kanga ndiyo iliniacha hoi. Wote tunajua kanga ina pindo, mji na jina. Mashine inachora pindo safi kabisa, halafu kwenye jina inajaza vijiherufi visivyo vya lugha yoyote. Bibi yangu kanga huisoma kwanza ndipo aulize bei. Hiyo asingeigusa.

Jaji mwenzangu akasema tutoe maksi kwa uzuri tu, tumalize. Rafiki yangu mmoja, mchoraji wa penseli, akauliza: "Sasa hapo mnampa zawadi nani?" Kimya.

Swali hilo si geni. Mwaka 2022 Jason Allen wa Marekani alishinda shindano la sanaa la dijitali kwenye maonyesho ya jimbo la Colorado kwa picha aliyoitengeneza kwa Midjourney. Alisema aliiboresha maelekezo mara zisizopungua 624. Hata hivyo, mwaka 2023 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa kuisajili.

Mimi nikaleta ya darasani. Kwenye hesabu mwanafunzi hapati maksi zote kwa jibu peke yake, anaonyesha njia. Tukawaomba wote watume maelekezo waliyoiandikia mashine, na walichorekebisha. Wengi walikuwa wameandika sentensi moja, wakapokea walichopewa. Mmoja alirudia mara 19. Mashine ilimwekea jiko la gesi, akakataa. Ikaleta mafiga manne, akakataa. Kanga ikaja na jina la ovyo, akaagiza bibi ageuke lisionekane. Picha yake si nzuri kuliko zote, lakini huyu alilijua jiko la bibi yake kuliko mashine. Tukampa yeye, kura mbili kwa moja.

Rafiki yangu wa penseli bado hajaridhika. Anasema kukataa si kuchora, na sina jibu la kumfunga mdomo. Ila mwakani naenda mazoezi ya kufundisha, na madaftari yenye kazi za mashine yatanifikia tu. Kumtambua aliyetumia mashine kwa macho sitaweza kila mara. Kumwuliza "hapa umefikaje?" nitaweza.

Nyie mngempa nani? Semeni hapo chini, tubishane kistaarabu. Tupo pamoja!