Muthokoi: Asili ya Chakula Iko Wapi?

Neno 'asili' ni miongoni mwa maneno yanayopendwa mno na wenye hoteli. Ukishuka mjini Kitui, au Wote katika Makueni, hukosi kukuta ukutani tangazo la 'vyakula vya asili', na chini yake majina tuyajuayo: muthokoi, isyo, nzuu, nthooko. Mpita njia huyasoma, akaingia, akala, akaenda zake. Lakini sisi wanafunzi wa Kiswahili, tuliozoea kuyauliza maneno yalikotoka, hatuna budi kuuliza zaidi. Je, chakula huwa cha asili kwa kuwa mbegu yake ilizaliwa hapa, au kuna jambo jingine?

Swali hili lilinikaa akilini baada ya mlo mmoja mjini Kitui. Nilikuwa na mwenzangu wa chuoni, mzaliwa wa Same, Upareni, aliyekuja kututembelea wakati wa likizo. Tuliingia hoteli ndogo karibu na soko, tukaagiza muthokoi kwa mbaazi. Sahani zililetwa zikifuka mvuke: mahindi yaliyokobolewa, meupe, laini bila kupondeka, yamekaangwa kwa vitunguu na nyanya, kando yake vipande vya parachichi na pilipili mbichi. Mwenzangu alionja, akatabasamu.

"Ndugu yangu, umenitoa mbali kote huku kuja kunilisha makande?"

Mpishi alimsikia. "Makande ndiyo nini, mwanangu? Hiki ni chakula cha Wakamba."

"Shikamoo, mama. Kwetu nasi twasema ni cha Wapare."

Tulicheka sote, naye akatuongezea upawa mmoja. Ama kwa hakika wote wawili walikuwa na haki ya kudai. Hata kamusi zetu zinalo neno 'pure', kwa maana ya mahindi yaliyopikwa pamoja na kunde au maharagwe. Lakini kuna mdai wa tatu ambaye hakuwapo mezani. Mahindi yalitokana na nyasi za mwitu kusini mwa Meksiko, ambako wakulima waliyastawisha yapata miaka 9,000 iliyopita. Parachichi na pilipili tulizokula nazo ni za eneo hilohilo, na nyanya ilikuwa ikilimwa huko kabla Wahispania hawajaivusha bahari. Mbaazi ni mgeni kutoka Bara Hindi. Kumbe tulikuwa tumekula katika mkahawa wa Kimeksiko, nusura tulipe kwa peso! Mwafrika halisi katika orodha ile ya ukutani alikuwa nthooko, yaani kunde, nasi hatukumwagiza.

Lugha nayo yatoa ushahidi. Jina 'mahindi' lahusishwa na Hindi, yaani India, kana kwamba kila kilichokuja kwa jahazi kilitoka upande huo. Waitaliano nao waliyaita nafaka ya Kituruki. Kila taifa lilijua kwamba mgeni huyu katoka ng'ambo. Ni ng'ambo gani ndiyo iliyowapotea.

Hata hivyo, mbegu ilisafiri bila mapishi yake. Nchini Meksiko, mahindi hupikwa kwanza katika maji ya chokaa au majivu hadi ganda lilainike na kutoka. Huitwa nixtamal, neno la Kinahuatl. Hutengenezwa chapati za tortilla, au punje hupikwa nzima katika mchuzi uitwao pozole. Chokaa ile pia huuwezesha mwili kuipata niasini iliyofungwa ndani ya mahindi. Huko Ulaya na kusini mwa Marekani, maskini walioshindia mahindi matupu yasiyoandaliwa hivyo waliugua pelagra. Mama wa Ukambani hakuletewa chokaa wala maelezo. Alichukua kinu na mchi, akayalowesha mahindi kidogo, akayatwanga hadi ganda likatoka, akayapepeta kwa ungo, kisha akayaunganisha na mbaazi au maharagwe yanayokipa chakula nguvu. Hapo ndipo muthokoi ulipozaliwa.

Ujuzi huo si pambo. Katika hoteli moja ya Wote, nilimwuliza mpishi huangalia nini anaponunua mahindi. Alichota konzi moja guniani, akaitikisa karibu na sikio langu. "Sikiliza, mwanangu. Mahindi makavu hulia. Yakinyamaza, siyanunui."

Msomaji asiudhanie ni mzaha. Mwaka 2004, Makueni na Kitui ziliathirika kuliko sehemu nyingine zote za nchi katika mkasa wa sumukuvu. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Chakula cha nyumbani, cha asili kabisa kwa maana ya tangazo la ukutani, kiliua. Utafiti kuhusu muthokoi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kukoboa hupunguza sumu hiyo, ingawa hakuimalizi. Sikio la mpishi nalo halitoshi, kwani sumu haina sauti. Lakini swali lake, je, yamekauka, ndilo swali sahihi.

Safari ya mbegu nayo haijakoma. Huko Kiboko, Makueni, watafiti wa Kenya hushirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Uboreshaji wa Mahindi na Ngano, chenye makao makuu Texcoco, Meksiko, kutafuta mahindi yanayostahimili ukame. Nyasi za Meksiko zina warsha yao chini ya jua la Ukambani.

Kwa hivyo, asili ya chakula haimo katika mbegu peke yake. Imo katika kazi ya mikono, katika kujua ni kipi cha kununua na kipi cha kukataa, na katika jina ambalo watu wamekipa. Kiswahili chenyewe ni hivyo. 'Meza' ni ya Kireno, 'sahani' ni ya Kiarabu, na hakuna anayekula juu ya meza hiyo akajiona ugenini.

Siku hizi mashine hukoboa mahindi kwa dakika chache, na muthokoi huuzwa katika pakiti. Ni nafuu kubwa kwa migongo ya mama zetu, wala simtakii yeyote arudi kinuni. Lakini maneno ya kulowesha, kutwanga, kupepeta na kuanika yalibeba pia maonyo, na yakipotea hupotea pamoja nayo. Wanachama wenzangu, tukienda likizo tuchukue daftari. Tuketi na wapishi wa hoteli zile ndogo, tuandike wanachokisema kwa Kikamba na kwa Kiswahili, hasa wanapoeleza ni mahindi gani wasiyoyanunua.